Damu kwenye Miimo ya Mulango

Juzi pale Majengo, nje ya atelie, karakana ya mutu wa vitanda, walichinja mbuzi karibu na rundo la mbao mbichi, na damu ikarukia mbao. Nilikuwa ninapita tu na mufuko wa unga kichwani. Harufu ya mukaratusi uliopasuliwa asubuhi ile ile, ikiwa imechanganyika na damu ya moto, ilinishika shingoni kama mukono. Niliutua mufuko, nikaketi juu ya jiwe katikati ya njia, na watu wa pikipiki wakanitukana mimi na ukoo wangu wote. Mwenye atelie akaniuliza kama niko na mimba. Nilimwambia ni njaa.

Tangu siku ile ninaandika na kufuta. Mimi sikusoma sana, niliachia shule kwenye primaire, ile ya musingi, na sina hakika kama ninayokumbuka ni yale niliyoyaona au ni yale Mama aliyonisimulia nilipokua. Nitajaribu kuyatenganisha. Ninyi wenzangu wa umri huu, muliokulia Goma wakati ule wa kukimbia na kurudi, kukimbia na kurudi, mutanisahihisha.

Tulikaa Ndosho, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi. Papa alikuwa fundi wa milango. Alitoka kwa wafugaji wa Masisi wanaosema Kinyarwanda. Mama alitoka Masisi hiyo hiyo, lakini yeye ni Muhunde. Nyumbani tulisema Kiswahili, ili asiwepo mushindi. Nilikuwa mimi, Solange, na mudogo wangu Jeremi ambaye alikuwa bado mugongoni.

Ng'ambo ya njia alikaa Mama Kavira, Munande aliyekuja kwetu akikimbia kutoka Kiwanja. Kule, muzaliwa wake wa kwanza aliuawa kwa jembe mbele ya macho yake, na waliomuua walisema lugha ya papa yangu. Hilo ni kweli, hakuna anayelikana. Ninaliandika mapema ili musije mukamuhukumu mama huyu kabla ya wakati wake. Papa ndiye aliyemutengenezea mulango, na jioni nyingi Mama Kavira na Mama yetu walikaa kwenye kizingiti cha mulango ule wakisukana nywele na kuwasema wanaume.

Sasa, Papa alikutana na Muzee Elazari. Huyu alikuwa katekista zamani, kisha akaacha kanisa akaanza kusali Siku ya Posho, maana yake jumamosi, na watu wachache katika chumba cha nyuma ya kinu cha unga. Alikuwa mwembamba, mwenye koti moja, na sauti ya kutulia sana. Alifundisha kwamba wafugaji kama Papa walikuwa Waebrania, kwamba babu zao walishuka na ng'ombe wao wakifuata mto mukubwa tangu Misri, wakasahau jina lao njiani. Ushahidi wake ulikuwa mambo ya nyumbani ambayo Papa aliyajua tangu utoto: jinsi maziwa hayawekwi pamoja na nyama, jinsi mwanamuke aliyefiwa na mume anavyochukuliwa na shemeji. Papa aliniambia baadaye kwamba siku ile alilia. Maisha yake yote watu walikuwa wakimuambia arudi kwao, na hapa mutu alikuwa anamuonyesha kwao ni wapi, tena ni ndani ya Biblia.

Shuleni neno lile la Waebrania lilinifikia kabla sijalielewa. Watoto walikuwa wamezoea kutuambia turudi Rwanda, ambako Papa hajawahi kulala hata siku moja. Sasa waliniambia nirudi Israeli. Kijana mumoja alinishika nyuma ya choo, akasema kabila yangu ilimuua Yesu, akanipiga kwa ndara mudomoni mpaka jino likatoka. Mimi nilimuambia sikuwepo. Wakacheka, yeye na wenzake, wakaendelea kupiga. Kusema haki, Muzee Elazari alikuwa amewapa jina jipya tu. Kipigo kilikuwa kile kile. Lakini jina jipya lilikuwa na ubaya wake, maana watu wazima wa avenue yetu, ule mutaa wetu, walianza kusema: musikie, wao wenyewe sasa wanakubali kwamba hawakutoka hapa.

Kisha alikuja mugeni, Muyahudi kabisa, kutoka ng'ambo, akifuatana na kijana mwenye kisanduku. Walikaa mchana mumoja katika chumba cha nyuma ya kinu. Yule kijana aliwapitishia wanaume pamba ndani ya shavu, akaziweka katika vichupa, akasema mashini itaangalia kama wana undugu na Wayahudi wa zamani. Yule mugeni mukubwa yeye hakuipenda sana ile pamba, niliona uso wake. Alisema kwa mutafsiri, pole pole, kwamba hatoi ahadi yoyote. Kwamba kwao Muyahudi ni yule ambaye mama yake ni Muyahudi, ao yule aliyesoma sheria yao, akakubaliwa na waamuzi wao, akaingia majini kutakaswa. Kwamba mate hayasali.

Mimi nilikuwa nimekaa chini ya benchi la Papa, na nilichoelewa ni hiki: Uyahudi unakaa kwenye mate. Tangu siku ile nilikunywa chai iliyobaki katika kikombe cha Papa. Nilimunywesha Jeremi pia. Na nilipoona Mama amebaki nje, nilibadilisha vikombe kwa siri ili naye aupate. Alikuwa analalamika kwamba chai yake inapoa.

Majibu ya pamba yalifika kwa mudomo baada ya muda. Mashini ilisema wanaume wale wanafanana na watu wa huku, na zaidi ya hapo haiwezi kusema. Muzee Elazari alisema mashini haijui Abrahamu. Lakini lile neno la mama alilishika kwa nguvu. Alikuja nyumbani kwetu, akanywa chai, akamuambia Mama kwa upole kwamba mpaka yeye aingie majini, watoto wake si wa Israeli. Muzee alipoondoka, Mama akasema mbele ya Papa, "Nimezaa nikiwa kwa mume wangu. Kwetu mutoto ni wa baba yake. Huyu muzee amenirudishia watoto kama vyombo vya kuazima." Akalia, na mimi nikadhani analia kwa sababu ya kile kikombe.

Mwaka ule vita vikakaribia mji. Mchana tulisikia mabomu upande wa Sake, na madirisha yalitetemeka kama mutu anayegonga kwa vidole. Watu walibeba magodoro bila kujua wanaelekea wapi. Kwenye barabara kubwa waliokota maiti ya dereva wa pikipiki akiwa amefungwa mikono, na kwa sababu alikuwa murefu kama wafugaji wa kabila la Papa, kila mutu alikuwa na maelezo yake juu ya nani amemuua. Katika woga huo Pasaka ya Muzee Elazari ikafika. Yule mugeni alikuwa amewaeleza kwamba Wayahudi wa leo hawapaki tena damu, wanakaa mezani, wanakula na kusimulia. Muzee alijibu kwamba wao waliacha kwa sababu hawako tena Misri usiku ule. Sisi tuko.

Basi jua likiwa linashuka, walichinja kondoo mbele ya mulango wetu. Papa alichovya majani katika beseni, akapaka mwimo wa kushoto, wa kulia, na ule ubao wa juu. Nilimusikia anasema majina yetu, langu, la Jeremi na la Mama, ingawa kwa hesabu ya Muzee sisi watatu hatukuwa wa mulango ule. Damu ilinywewa na mbao. Mukaratusi ule ulikuwa mubichi, hata vanishi haujapakwa, ukaifyonza kama mutoto mwenye njaa.

Damu ilibaki ndani ya beseni. Mimi nilimuambia Papa twende tupake na kwa Mama Kavira, maana mulango ule nao aliutengeneza yeye. Papa alisimama na lile beseni. Alimuangalia Muzee. Muzee akasema imeandikwa, nyumba moja kondoo mumoja. Ni kweli imeandikwa hivyo, hakulitunga yeye. Papa akaimwaga damu juu ya mawe. Udongo wa kuifunika hakuna kwetu, mawe tu, kwa hiyo ilibaki pale inang'aa. Nilipoinua macho, Mama Kavira alikuwa amesimama kwenye kizingiti chake, ametuangalia muda wote.

Asubuhi walikuja. Sijui walikuwa wangapi, kwa mutoto watu ni miguu. Niliona viatu vya mipira, niliona panga zilizoshikwa chini karibu na goti. Vijana wa Ndosho niliowajua, mumoja wao alikuwa ananibeba kuvuka maji mvua ikinyesha. Mama Kavira ndiye aliyekuwa mbele. Hakupiga kelele.

"Papa Solange," akasema, "hii damu inaambia nani?"

Papa alisema inamuambia Mungu.

"Mungu hajui mulango yako? Ulitengeneza ya avenue yote, hata yangu, na Mungu hajui yako iko wapi?"

Baadhi wakacheka. Kijana mumoja akasema ni alama, wapiganaji wenzao wakiingia mjini watapita tu penye damu na wataingia kwa wengine. Papa akaanza kueleza, ya Pasaka, ya Farao, ya malaika. Nilifikiri wakielewa wataondoka. Hapo ndipo nilipokosea, na nadhani Papa alikosea pamoja nami. Watu wale wote walikuwa wa kanisa. Walielewa tangu jana.

"Ile hadithi ninaijua," Mama Kavira akamukata. "Malaika anapita kwa Waebrania, anaingia kwa wengine, anaua muzaliwa wa kwanza. Wangu walishamuua. Sasa uniambie, Papa Solange. Ninyi mukiwa Israeli, sisi tuko nini? Sisi njo Misri?"

Papa alikuwa mutu wa kujibu, hata na wateja wagumu. Miaka yote hii nimemutafutia jibu na sijalipata.

Jiwe la kwanza lilimupata Muzee Elazari, aliyekuwa amelala kwetu na anatoka ndani akifunga koti. Lilimpasua juu ya jicho. Akakaa chini kama mutu aliyechoka, nao wakamuvuta kwa lile koti mpaka katikati ya njia. Wengine waliingia atelie ya Papa, wakatoka na nyundo na misumeno yake. Mulango wetu waliung'oa kwa bawaba zake. Mutu mumoja alikuwa akisema, tuwafukuze tu, tusiue, tuwafukuze. Ninataka aandikwe hapa, ingawa jina lake sikulijua. Walimusukuma akaanguka.

Kijana mwingine alinishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye mwanga. Alisema pua ni ya mama. Mwenzake akasema tazama macho, macho ni ya baba. Walibishana juu ya uso wangu kama watu wanaonunua mbuzi, na mimi nilijikojolea.

Mama akaingia kati yao, Jeremi mugongoni. Alianza kwa Kihunde, maana kulikuwa na Bahunde wenzake pale, kisha akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Hawa ni wangu."

"Usitudanganye, dada," mwanaume mumoja akajibu. "Mutoto ni wa baba. Hata kwetu iko hivyo, na wewe unajua."

"Kwetu, ndiyo. Kwa dini yao mutoto ni wa mama. Muulizeni huyo muzee wao."

Walimuinua Muzee Elazari kwa nywele. Damu ilikuwa imemufunga jicho. Angeweza kusema lolote. Nilimuona anamutafuta Mama kwa jicho lile lililobaki, na alipomupata akasema kwa sauti ile ile ya kutulia aliyoisema akinywa chai yetu, "Ndiyo. Mama yao si wetu. Hawa watoto si Wayahudi, hawakuwa hata siku moja."

Haikuwatosha. Wakamugeukia Papa, waliyekuwa wamempigisha magoti juu ya damu ya kondoo, na panga begani kwake.

"Na wewe? Hawa ni wako ao si wako?"

Papa hakuniangalia. Aliangalia mawe. "Ni wa mama yao," akasema. "Mimi sina mutoto hapa."

Wakatupisha. Mama alinikokota kwa mukono mpaka bega likateguka, na mimi nilikuwa ninavuta kurudi nyuma. Kwa hiyo niliona. Niliona nyundo inapanda, na nilisikia taya la Papa, sauti ya ubao unaopasuka kufuata nyuzi zake. Niliona wanamuzunguka Muzee Elazari na kila mumoja anainama kuokota. Ndosho yote ni mawe, hakuna anayetafuta mbali. Kisha askari wakapiga risasi hewani kwenye kona, watu wakatawanyika, na Muzee alikuwa amekwisha kufa, koti lake limefunika kichwa.

Kuhusu Mama Kavira kuna maneno mawili. Mama husema alibaki, akatandika kitenge chake juu ya uso wa Papa ili waliobaki wadhani amekufa, na kwamba bila yeye angemaliziwa. Jirani mwingine husema alibaki ili amuvue viatu. Mimi sikuona. Papa alipookotwa alikuwa na kitenge usoni, na hakuwa na viatu.

Tulilala kwa shangazi yake Mama. Watu wazima walisema namna Papa alivyotuokoa, na mimi niliwasikia kama watu wanaosema uongo ili mutoto asilie. Mimi nilijua ninachojua. Niliamini mashini imeleta majibu mengine kwa siri, ya pamba yangu na ya Jeremi, ingawa hakuna aliyetupitishia pamba, na kwamba Papa alikuwa ameyasoma, na siku ile alitangaza tu mbele ya watu. Sikumuita tena Papa. Nilisema yule fundi. Mama alinipiga kofi kwa ajili ya neno hilo, nikalirudia.

Nimekuwa mutu muzima na bado watu huniuliza, wakisikia habari hii, basi ninyi ni Wayahudi ao hamuko? Sijui kujibu. Yule mugeni alikuwa na sheria yake na aliisema wazi. Muzee Elazari alikuwa na maziwa na ng'ombe na mto mukubwa, na alikufa kwa ajili ya hayo. Mashini ilisema ilichoweza. Wale vijana walikuwa na pua yangu. Nikiwaweka wote mbele yangu, kila mumoja ana kipande ambacho siwezi kumunyang'anya, na hakuna kati yao ninayeweza kumupa uso wangu tena aushike. Papa mpaka leo anasali Siku ya Posho, peke yake, taya limekaa upande. Mama hakuingia majini. Hawajawahi kugombana juu ya hilo. Labda waligombana, mimi nimelala.

Lakini nilitaka kuandika ya hopitali.

Salle ya wagonjwa ilijaa watu walioumizwa na vita, wengine walilala chini kati ya vitanda. Mama alikuwa amenileta kwa nguvu, kisha akaniacha mulangoni akaenda na Jeremi kutafuta maji ya moto ya uji, maana Papa alikuwa ananyonya kwa murija. Aliniambia niingie nikae naye. Mulangoni kulikuwa na mulinzi mwenye fimbo. Watu walikuwa wameingia kabla ya siku ile wakijidai ndugu, wakamumalizia mugonjwa kitandani kwa kisu, kwa hiyo mulinzi alikuwa na haki ya kuuliza.

"Wewe uko nani wake, yule wa taya?"

Nilitaka kusema ukweli. Nilikuwa mutoto wa namna hiyo, na labda ningali. Nilimuambia sijui. Nilimuambia alisema mimi si wake.

Akaniangalia kidogo, akaniambia kama ni hivyo nikae nje, humu ni ndugu peke yao wanaingia.

Kutoka pale mulangoni nilikuwa ninamuona. Kichwa chote kilikuwa bandeji, macho tu yamebaki, na yalikuwa yananiangalia. Alikuwa amesikia. Taya lilifungwa kwa waya, hakuweza kutoa hata neno. Alipapasa pembeni akapata sahani ya bati, akaanza kuipiga kwenye chuma cha kitanda. Alipiga kwa nguvu zote. Askari mumoja aliyekatwa muguu akamutukana, anyamaze. Hakunyamaza. Mama wa kitanda cha pili akaziba masikio. Damu ikaanza kuchora alama kwenye bandeji chini ya sikio, na muuguzi akakimbia kumushika mukono, akisema, muzee, utajiua. Papa akauchomoa mukono wake. Akaninyooshea kidole mimi, akajipiga kifuani. Akaninyooshea tena, akajipiga tena, kwa ngumi, mpaka kitanda kikalia. Kisha akarudia sahani.

Mulinzi alinigeukia. "Wewe mutoto, unadanganya watu wazima," akasema, akaondoa fimbo. "Ingia kwa baba yako."

Niliingia nikipita juu ya miguu ya watu. Hakuacha kupiga ile sahani mpaka nilipokaa juu ya kitanda.